Jinsi neno ‘nguvu’ lilivyowachanganya wataalamu wa uzee

NENO nguvu limebebeshwa mzigo mzito katika Kiswahili. Anayenyanyua gunia la mahindi ana nguvu. Bibi anayepanda mlima bila kutweta ana nguvu. Na yale matangazo yanayobandikwa kwenye nguzo za stima yanaahidi kurejesha nguvu, wala hakuna mpita njia anayeuliza ni zipi.

Mkanganyiko huu si wetu peke yetu. Ninavyoisoma historia ya sayansi ya uzee, naona wataalamu wa Ulaya walitumbukia shimo lilo hilo, na iliwachukua miongo kadhaa kutenganisha mambo mawili ambayo leo tunayaita homoni na nishati ya seli.

Tuanzie Paris, Juni 1, 1889. Charles-Édouard Brown-Séquard, mzaliwa wa Port Louis katika kisiwa cha Morisi, alisimama mbele ya wanabiolojia wenzake akiwa na umri wa miaka 72. Hakuwa tapeli. Mnamo 1856 alikuwa ameonyesha kwamba mnyama akiondolewa tezi zilizo juu ya figo hufa, jambo lililofungua njia kwa elimu yote ya tezi. Siku hiyo, hata hivyo, alikuja na habari za mwili wake mwenyewe. Alikuwa amejidunga maji yaliyokamuliwa kutoka kwa korodani za mbwa na wanyama wadogo wa maabara. Eti sasa aliweza kusimama kazini kwa saa nyingi, kupanda ngazi karibu akikimbia, na hata mkojo wake ulirukia mbali kuliko awali!

Tazama msomaji jinsi alivyovijumlisha vitu hivyo. Misuli, pumzi, akili, kibofu: vyote kwake vilikuwa nguvu moja, na chanzo chake kimoja. Habari zilienea upesi, na haukupita muda wauzaji wa dawa za aina hiyo wakajaa kila mahali. Mzee mwenyewe aliaga dunia mwaka 1894.

Leo twajua kwa nini sindano ile haikuwa na kitu. Homoni ya korodani huyeyuka vizuri katika mafuta, si katika maji. Isitoshe, korodani haziweki akiba kubwa ya homoni hiyo. Alichohisi mzee yule kilitokana na imani yake. Imani si mchezo, lakini haidumu.

Miaka miwili baadaye, 1891, daktari George Murray wa Newcastle, Uingereza, alijaribu wazo lilo hilo kwa tezi nyingine, ile ya shingoni ambayo ikivimba huitwa rovu. Mgonjwa wake alikuwa mwanamke wa miaka 46 aliyeonekana kuzeeka kabla ya wakati: uso umevimba, nywele zinanyonyoka, usemi wa kujikokota, baridi isiyoisha hata karibu na moto. Murray alimdunga maji ya tezi za kondoo. Mama huyo alipona akaishi miaka 28 zaidi, hadi 1919, na kwa muda huo alitumia tezi za kondoo zaidi ya 870.

Kwa nini huyu akafaulu na yule akashindwa? Kwanza, tezi ya shingo huweka akiba kubwa ya homoni yake. Pili, na hili ndilo zito kwangu, mama yule alikuwa amepungukiwa na kitu mahususi kwa sababu ya ugonjwa, akarudishiwa kitu hicho. Brown-Séquard alikuwa mzee tu.

Wakati huo neno homoni halikuwapo. Lilibuniwa na Ernest Starling jijini London mwaka 1905, kutokana na kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kuchochea. Nalipenda neno hilo kwa kuwa linasema ukweli: homoni ni mjumbe. Mjumbe hapiki, anabisha hodi na kusema, ‘Koleza moto.’

Na moto uko wapi? Mwaka 1895, Adolf Magnus-Levy alikuwa amepima pumzi za watu jijini Berlin, akabaini kwamba dawa ya tezi ya shingo huwafanya watumie oksijeni nyingi zaidi. Lakini jiko lenyewe halikujulikana. Carl Benda aliviita vijipande fulani ndani ya seli mitokondria mwaka 1898, yaani nyuzi na punje, kwa maana alieleza alichokiona tu. Ni mwishoni mwa miaka ya 1940 ambapo Eugene Kennedy na Albert Lehninger walithibitisha kwamba humo ndimo chakula kinamokamilishiwa kuchomwa kwa oksijeni ili seli ipate nishati. Mnamo 1972, Denham Harman akapendekeza kwamba moshi wa jiko hilo, tuseme hivyo, huharibu jiko lenyewe, na hapo ndipo uzee unapoanzia. Hoja hiyo ingali inabishaniwa.

Kumwongeza mjumbe basi si kuongeza jiko. Marekani iliwapa maelfu ya wanawake waliokoma hedhi vidonge vya homoni katika jaribio lililohusisha wanawake zaidi ya 16,000. Sehemu hiyo ya utafiti ilisimamishwa Julai 2002 kabla ya muda wake: mivunjiko ya nyonga ilipungua, naam, ila saratani ya matiti na kiharusi viliongezeka. Wapo wanaofaidika na homoni, hasa wenye upungufu uliopimwa. Ndiyo maana nashikilia kwamba anayeuziwa ‘dawa ya nguvu’ dukani aulize: nguvu ipi, na nimepimwa nini?

Kuhusu jiko, jibu lililo wazi zaidi lilitoka kwa panya. Mwaka 1967 huko St. Louis, John Holloszy aliwakimbiza panya kwenye mkanda wa mazoezi siku baada ya siku, kisha akachunguza misuli yao. Uwezo wa mitokondria zao kutumia oksijeni ulikuwa umeongezeka takriban maradufu. Hawakudungwa chochote.