Dege na Homa

Kila mwalimu aliyekaa miaka michache katika vijiji vya pwani amepata kuamshwa usiku wa manane kwa ajili ya mtoto wa watu. Hodi hupigwa kwa haraka, na mlangoni yupo mama amembeba mtoto wa miaka miwili au mitatu, ambaye jioni alikuwa akicheza uani. Sasa mwili wake wawaka moto, macho yamepinduka hata weupe wake tu waonekana, meno yamekazana, mikono na miguu yarukaruka isiweze kuzuiwa. Mama hasemi ya kuwa mtoto ana homa. Asema amepatwa na dege, au hasemi neno lo lote, kwa kuwa wako waogopao kulitaja jina hilo mbele ya mgonjwa. Twataka kueleza habari za neno hili, maana twaona ya kwamba watoto wengi wamepotea kwa sababu dege na homa vilitengwa kana kwamba ni magonjwa mawili; na katika kuvitenga, sisi walimu tulikuwa na sehemu yetu.

Dege latokana na ndege, na mwenye kujua sarufi ataona mara moja lilivyofanyizwa: herufi ya kwanza imeondolewa ili kuonyesha ukubwa, na pamoja na ukubwa hofu, kama vile nyoka awavyo joka na mtu awavyo jitu. Likikaririwa huwa degedege, na katika kukariri huko twadhani msikilizaji husikia mpigo wa mbawa, au mtukutiko wa mwili wenyewe. Lakini hiyo ni dhana yetu tu, wala hatumlazimishi mtu kuishika. Tena ndege katika lugha ya wazee ni fali pia, hata mtu aliyeanza safari yake kwa dalili ya heri husema amepata ndege njema. Basi dege si kiumbe arukaye tu, bali ni habari mbaya ipitayo juu ya nyumba. Wengine humdhania kuwa ndege wa usiku, wengine kuwa nondo azungukaye taa, wengine kuwa pepo mwenye umbo la ndege. Ndiyo sababu akina mama wengi hawaachi nguo za mtoto zilale nje juu ya kamba, yule asije akapita juu yake gizani. Wagiriama na jamaa zao wa Kimijikenda huuita ugonjwa huu nyuni, nalo ni neno la kale la ndege ambalo Kiswahili cha Lamu na cha mashairi hulijua pia. Jina ni jingine, na wazo ni lile lile.

Wako wageni waliolicheka neno hili. Sisi hatuoni la kucheka, kwa kuwa wazee walikuwa wametazama vema. Walijua ya kwamba huwapata watoto wadogo, si watu wazima, na ya kwamba huja ghafula, aghalabu usiku. Madaktari nao husema kwamba mitukutiko iletwayo na homa huwapata hasa watoto wa tangu miezi sita hata miaka mitano, na ya kuwa joto la mwili hupanda jioni. Kilichokosekana ni kiungo kati ya homa ya mchana, iliyodhaniwa kuwa jambo dogo, na tukio la usiku lililodhaniwa kuwa geni kabisa.

Wala Wazungu wa zamani zile hawakuwa na elimu ya kuzidi. Mwaka 1844 Dr. Ludwig Krapf wa Church Missionary Society alifika Mombasa pamoja na mkewe Rosine. Mwezi wa Julai, mume na mke wote wawili wakiwa katika homa, mke alijifungua mtoto wa kike. Mama akafa tarehe 13, na mtoto akamfuata baada ya siku chache. Walizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa. Mwenye msiba huo ndiye aliyekusanya maneno ya kamusi kubwa ya Kiswahili iliyopigwa chapa London mwaka 1882, baada ya kufa kwake mwaka uliotangulia. Alijua maneno ya homa kuliko mgeni ye yote wa siku zake, lakini hakujua homa yenyewe yatoka wapi, kama watu wa Mombasa wasivyojua. Madaktari wa Ulaya walidhani yatoka katika mvuke wa mabwawa, na jina malaria maana yake ni hiyo tu, hewa mbaya. Kati ya hewa mbaya na ndege mbaya, mtu asiye na upendeleo ataona tofauti ndogo.

Sasa tutazame dawa, maana hapa ndipo penye shauri lote. Mtoto wa dege alipelekwa kwa mganga au kwa bibi ajuaye. Alifukizwa moshi, na moshi uliosifiwa sana ni ule wa mavi ya tembo. Alioshwa kwa maji ya majani yaliyopondwa. Mahali pengine alipakwa mkojo. Mara nyingi alipona papo hapo! Mwalimu aliyesema kwamba dawa hizi hazifai kitu alionekana mwongo, kwa kuwa kila mtu kijijini amemwona mtoto aliyefukizwa akafumbua macho na kuomba maji. Sababu yake twaijua leo. Mitukutiko ya homa, ile isiyo na jambo jingine nyuma yake, hukoma yenyewe, aghalabu baada ya dakika chache, na mtoto hulala kisha huamka mzima. Kabla moto wa kufukizia haujashika sawasawa, mtoto alikuwa amekwisha tulia. Tena maji ya majani yalimpoza kidogo. Basi moshi ulipata sifa isiyo yake.

Kwa sababu hiyo hiyo sindano ilipata lawama isiyo yake. Katika sehemu nyingi za pwani ilishikwa imani ya kuwa mtoto wa dege akichomwa sindano hufa. Wengi wetu tulidhani ni ukaidi tu. Lakini ni nani waliochomwa sindano? Si wale waliozinduka nyumbani. Ni wale ambao moshi haukuwafaa, wala maji, wala mganga wa pili. Waliokaa siku nzima wakisubiri baba arudi au nauli ipatikane. Ambao malaria ilikuwa imekwisha ingia katika ubongo. Hao walifika hospitali wamezimia, wakachomwa sindano, na wengi wakafa usiku ule ule. Mtu aliyehesabu kwa macho yake aliona walio hai wakitoka kwa mganga na maiti zikitoka kwa daktari. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Hukumu ndiyo iliyokuwa na kosa. Tena tuseme kweli, sindano za kwinini zilizochomwa katika nyama ziliacha pengine jipu, na pengine mguu uliopooza, na mguu wa namna hiyo huonwa na kijiji kizima kwa miaka mingi.

Elimu ya ugonjwa wenyewe ilikuja upesi ilipoanza kuja. Mwaka 1880 daktari Mfaransa, Alphonse Laveran, aliona vijidudu vya malaria katika damu huko Algeria. Mwaka 1897 Ronald Ross, katika Bara Hindi, alivikuta katika mbu. Mwaka ule ule Robert Koch alikuwako Dar es Salaam akichunguza homa za nchi. Huko Amani, katika milima ya Usambara, Wajerumani walipanda miti ya kwinini, na wakati wa Vita Kuu ya kwanza dawa ilitengenezwa huko huko kwa ajili ya majeshi yao.

Ndipo habari za mbu zikafika shuleni, na hapa twafika kwenye sehemu yetu. Tulifundisha ya kuwa malaria ni homa, baridi, maumivu ya kichwa na kutapika. Tulichora mbu ubaoni, watoto wakamchora madaftarini. Neno dege hatukuliandika, kwa kuwa tulilihesabu katika mambo ya ushirikina, na pahali pake palikuwa katika mahubiri ya Jumapili, tena kwa kukaripiwa. Matokeo yake hatukuyatazamia. Msikilizaji aliyeshika vema mafundisho yetu alijua sasa kwamba homa ya malaria ni ugonjwa wa hospitali. Na kwa kuwa hakusikia dege likitajwa humo, alijua pia kwamba dege si wa hospitali. Ukuta uliokuwako kati ya maneno mawili tuliuongeza mawe. Utafiti uliofanywa katika wilaya ya Bagamoyo na kutangazwa mwaka 1996 ulikuta hali hiyo hiyo: wazazi waliotafuta dawa ya hospitali kwa homa walimtafuta mganga kwanza kwa degedege, na saa zilizopotea ndizo zilizokuwa za thamani.

Tangu hapo mengi yamebadilika. Klorokwini, iliyokuwa dawa ya kila nyumba, ilianza kushindwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na Tanzania iliiacha mwaka 2001. Dawa ya mseto ikaanza kutumika mwishoni mwa mwaka 2006. Kwa walio mahututi, watoto 5,425 wa nchi tisa za Afrika walijaribiwa kwa sindano ya artesuneti na ya kwinini, na Muheza, katika nchi ya Wabondei, palikuwa mahali pamojawapo. Habari ilitangazwa mwaka 2010: katika kila watoto mia waliopewa kwinini walikufa karibu 11, na katika waliopewa artesuneti hawakutimia 9. Hao ni watoto waliofikishwa hospitali. Waliokuwa bado katika moshi hawamo katika hesabu.

Mafundisho nayo yamegeuka. Neno degedege laandikwa sasa waziwazi kuwa dalili ya malaria kali, nasi twafurahi, ila twaomba walimu wasianguke upande wa pili. Si kila degedege ni malaria. Homa ya mapafu, ya masikio, hata ile ya uti wa mgongo, huweza kumtikisa mtoto vivyo hivyo, na ni mwenye kupima damu atakayejua. Tena watu waache kutia kijiko kati ya meno ya mtoto, desturi ambayo tumeiona hata katika nyumba za waalimu. Alazwe kwa ubavu, asitiwe kitu kinywani, apelekwe.

Nao waganga tusiwasahau. Mama akiogopa hospitali, atakayemsikiliza usiku ule ni yule bibi aliyemtibu yeye mwenyewe alipokuwa mdogo. Tumepata kukaa na mmoja wa hao, mzee sana, akatueleza ya kuwa yeye siku hizi humwosha mtoto kwa majani, kisha humwambia mama aende hospitali kabla hakujapambazuka. Tulimwuliza kwa nini hamwambii aende kwanza, naye akajibu ya kwamba asipomwosha, mama hatakwenda.