Hofu ya Ghafla kwa Mwanafunzi: Kuitambua, Kuikabili na Kumsaidia Aliyeshikwa

Mwanafunzi aliyeamka mzima asubuhi anashikwa katikati ya kipindi. Moyo unakwenda mbio, pumzi inakuwa fupi, mikono inatetemeka, jasho linamtoka, midomo na vidole vinaingia ganzi, naye ana hakika kwamba anakufa au anarukwa na akili. Baada ya dakika chache, au nusu saa hivi, yote yanatulia. Anabaki amechoka na ana aibu, akiogopa jambo moja kuliko mengine yote: kwamba hali ile itamrudia. Wakati huo wenzake wamekwisha kutoa hukumu. Wengine wanasema ana mapepo, wengine wanasema anaigiza ili akwepe mtihani, na wengine, hasa katika shule zetu zenye malezi ya dini, wanasema hasali vya kutosha.

Hukumu hizo tatu humwumiza kijana kuliko hofu yenyewe, kwa sababu humfanya afiche. Kwa hiyo tunapenda kuwaeleza vijana wetu, wazazi, matroni na walezi wa vyama vya wanafunzi kwamba hali hii inafahamika vizuri katika elimu ya tiba, ina sababu zake mwilini, na inatibika.

Wasiwasi wa kawaida si ugonjwa. Mwanafunzi wa kidato cha nne asiye na wasiwasi wowote mwezi Novemba huenda hajafungua daftari. Wasiwasi huwa tatizo unapokaa kwa wiki nyingi, ukanyima usingizi na hamu ya chakula, ukafanya akili ishindwe kushika kilichosomwa. Hofu ya ghafla ni jambo jingine, ingawa mara nyingi huota katika udongo huo huo: ni wimbi linalopanda kwa haraka, hufika kileleni kwa kawaida ndani ya dakika kumi, kisha hushuka. Laweza kuja bila sababu inayoonekana, hata usingizini.

Kinachotokea mwilini

Mkulima akikanyaga karibu na nyoka, mwili wake huruka kabla akili haijafikiri. Tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini katika damu, moyo hupiga kwa kasi ili misuli ipate damu ya kukimbilia, mapafu hupanuka, tumbo husimamisha kazi. Mwenyezi Mungu ameuweka ulinzi huo ndani yetu, na bila huo wengi tusingefika ukubwani. Katika hofu ya ghafla ulinzi huo huo unaamka, lakini nyoka hayupo.

Jambo la pumzi linastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa maana ndilo linalowatisha vijana wengi. Aliyeshikwa na hofu huona kama hewa haimtoshi, hivyo huvuta kwa nguvu na kwa haraka. Kwa kweli anapumua kupita kiasi, na kwa kufanya hivyo anatoa nje kabonidayoksaidi nyingi kuliko inavyotakiwa. Upungufu wa hewa hiyo katika damu ndio unaoleta kizunguzungu, ganzi ya midomo na vidole kukakamaa. Dalili hizo zinamwogopesha zaidi, naye anazidi kuvuta. Wenzake wanaompepea huku wakipiga kelele kwamba avute hewa zaidi wanamsukuma pale pale alipokwama.

Tiba ya hapo hapo ni kinyume chake: kupunguza mwendo. Kijana akae, avute pumzi taratibu kwa pua akihesabu hadi nne, aitoe polepole kwa mdomo akihesabu hadi sita, tumbo likipanda na kushuka badala ya kifua. Aendelee hivyo kwa dakika kadhaa. Akiona akili yake inatangatanga, ataje kwa sauti ya chini vitu vitano anavyoviona: dirisha, ubao, kiatu, mti, kalamu. Asifunike mdomo kwa mfuko wa karatasi, kama ilivyowahi kufundishwa zamani. Kwa mwenye pumu au tatizo la moyo njia hiyo ni ya hatari.

Na sala? Mwaka 2001 mtafiti Mwitalia Luciano Bernardi na wenzake walichapisha uchunguzi uliofanywa kwa watu wazima wenye afya, ulioonyesha kwamba kusali Rozari kwa Kilatini kulishusha mwendo wa pumzi hadi karibu mara sita kwa dakika. Hatulitaji hilo ili kuigeuza Rozari kuwa dawa. Sala ni mazungumzo na Mungu, na thamani yake haipimwi kwa mapigo ya moyo. Tunalitaja kwa sababu kijana aliyeshikwa na hofu huambiwa asali, naye husali kwa pupa, maneno yakikimbizana, kisha huona sala haijibiwi. Asali polepole, neno kwa neno, hata kama ni Salamu Maria moja tu kwa dakika nzima.

Kukimbia hulisha hofu

Aliyeshikwa darasani hutamani kutoka, na kesho yake hutamani asirudi. Akitoka, hofu hushuka haraka, na hapo mwili hujifunza somo baya: kwamba darasa ndilo lililokuwa hatari na mlango ndio uliomwokoa. Wiki ijayo atakwepa darasa, mwezi ujao atakwepa Misa yenye watu wengi au basi la kwenda nyumbani. Ndivyo tatizo la dakika kumi linavyokula mwaka mzima wa masomo. Inapowezekana abaki, hata kama ni kwenye dawati la mwisho karibu na dirisha, hadi wimbi lishuke likiwa naye pale pale. Tiba ya mazungumzo inayotolewa na wanasaikolojia imejengwa kwa sehemu kubwa juu ya jambo hili: kumrudisha mtu hatua kwa hatua mahali anapopaogopa, akiwa na mtu anayemwamini.

Hapa Mtakatifu Inyasi wa Loyola ana la kutufundisha. Mwaka 1522, huko Manresa nchini Hispania, aliteswa na wasiwasi wa dhamiri hata akajiwa na kishawishi cha kujiua. Baadaye, katika kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho, aliweka kanuni kwamba wakati wa ukiwa wa moyo mtu asibadili uamuzi alioufanya alipokuwa katika utulivu. Kwa mwanafunzi kanuni hii ni ya matumizi ya moja kwa moja. Barua ya kuacha shule isiandikwe jioni ya siku aliyoshikwa na hofu. Mzazi naye asifunge sanduku la mtoto usiku ule ule aliopigiwa simu.

Kashasha, 1962

Mkoa wa Kagera una kumbukumbu inayowahusu walezi wote wa mabweni. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya misheni huko Kashasha, karibu na Bukoba, wasichana watatu walianza kucheka bila kuweza kujizuia. Hadi shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamekwisha kushikwa na kicheko kilichochanganyika na kilio na mahangaiko. Walimu hawakushikwa. Wasichana waliporudishwa makwao, hali hiyo ilionekana vijijini pia. Madaktari Rankin na Philip, walioandika taarifa yake mwaka 1963, hawakupata sumu wala maambukizi yaliyoweza kuieleza.

Dunia hulisimulia tukio hilo kama kichekesho, na kwa maoni yetu hilo si haki kwa wasichana wale. Kicheko chao hakikuwa furaha. Wataalamu wengi waliolichunguza baadaye wanaona hapo shinikizo la watoto waliokuwa mbali na nyumbani, chini ya nidhamu kali, katika nchi iliyokuwa ndiyo kwanza imepata uhuru. Ni kweli kwamba mlipuko wa kundi si sawa na hofu ya ghafla ya mtu mmoja. Lakini mlezi wa bweni anajifunza jambo lile lile: hofu huambukiza kwa macho na masikio. Msichana anayetetemeka akizungukwa na umati unaolia na kukemea, kabla ya usiku kwisha watakuwa watano. Atolewe kwa upole mahali pa faragha, abaki na mtu mmoja au wawili watulivu, na wengine warudishwe kwenye shughuli zao.

Kuhusu mapepo, msimamo wa Kanisa ni makini kuliko wengi wanavyodhani. Katekisimu, katika namba 1673, inataka kuhakikisha kwanza kwamba kilichopo si ugonjwa, kwa kuwa tiba ya ugonjwa ni kazi ya sayansi ya uganga. Kanuni ya 1172 ya Sheria za Kanisa hairuhusu mtu yeyote kufanya ibada ya kupunga pepo bila idhini maalumu na ya wazi ya Askofu mahalia, na idhini hiyo hupewa padre tu. Kikundi cha wanafunzi wanaomkalia mwenzao usiku wakimwamuru shetani atoke hakina mamlaka hayo, hata kama kina nia njema.

Kutafuta msaada

Kijana aliyeshikwa kwa mara ya kwanza, hasa mwenye maumivu ya kifua, aonwe na daktari. Pumu, upungufu wa damu, sukari iliyoshuka, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, na ugonjwa wa moyo utokanao na maambukizi ya koo yasiyotibiwa utotoni, vyote vyaweza kuleta dalili zinazofanana na hizi. Daktari aambiwe pia kuhusu kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu ambavyo wanafunzi hunywa ili wakeshe. Kafeini pamoja na usiku tatu bila usingizi vyatosha kuuamsha moyo wowote.

Ikithibitika kwamba ni hofu ya ghafla, na inarudi, kuna tiba ya mazungumzo na, kwa baadhi, dawa. Dawa zinazotumika zaidi huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi yake, hivyo zisiachwe siku ya tano. Vidonge vya kutuliza vya aina ya diazepamu huleta nafuu ya haraka, lakini humfanya mtu avitegemee; mwanafunzi asivipokee kwa rafiki wala kuvinunua dukani. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anaagiza mgonjwa asali na pia ampe daktari nafasi yake, maana Mungu ndiye aliyemwumba. Hachagui kimoja.

Njia huanzia kituo cha afya au hospitali ya wilaya, na kutoka hapo rufaa huweza kutolewa kwenda hospitali zenye idara ya afya ya akili, kama vile Muhimbili jijini Dar es Salaam, Mirembe jijini Dodoma, au Bugando jijini Mwanza, ambayo ni mali ya Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania. Mwanafunzi asiye na mtu wa kumwambia aweza kupiga namba 116, huduma ya simu kwa mtoto, bila malipo. Anayefikiria kujidhuru asiachwe peke yake hata kwa saa moja, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Neno moja kwa wanaomkimbilia padre. Yaliyosemwa katika kitubio yamefungwa kwa siri isiyovunjwa kamwe. Padre hawezi kuyapeleka kwa matroni, kwa mkuu wa shule wala kwa mzazi, hata kwa nia ya kusaidia. Kwa hiyo kijana anayetaka padre amsaidie kuonana na daktari, au azungumze na wazazi wake kwa niaba yake, amweleze habari hiyo pia nje ya kitubio, ofisini au chini ya mti uwanjani. Akiwa anaona haya kuanza, aandike katika karatasi mambo matano: siku iliyotokea, alikuwa wapi, ilidumu dakika ngapi, alikunywa nini na alilala saa ngapi. Karatasi hiyo hiyo ataipeleka kwa daktari.