Tarehe ya Viwanja vya Mpira vya Nyanza Kusini na Majina Yake

Katika nchi iliyokuwa Wilaya ya Nyanza Kusini, iliyotawaliwa kutoka Homa Bay hata Migori ikamegwa mwaka 1992, uwanja wenye haki ya kutajwa kwanza ni Awendo Green, na wanaoitanguliza Homa Bay wanachanganya makao ya serikali na makao ya mpira. Awendo ilipata kiwanda cha sukari mwishoni mwa miaka ya 1970, nacho kikazaa timu ya SoNy Sugar, ambayo jina lake ni ufupisho wa jina la Kiingereza la wilaya hiyo. Hivyo wilaya imekufa, na timu imebaki na jina lake. Uriri ina fungu katika sifa hiyo, kwani miwa yake husagwa Awendo, ikipelekwa na matrekta yanayoburuta matela yaliyofurika, huku watoto wakichomoa bua moja moja kwa nyuma. Mwaka 2006 SoNy ilitwaa ubingwa wa Kenya, jambo ambalo Homa Bay haijalifanya. Kwamba timu iliondolewa kwenye ligi kuu mwaka 2019 kwa kutofika mechini ni habari ya timu, si ya uwanja.

Migori mjini pia pana uwanja.

Kuhusu majina, ugomvi wa kama uwanja uitwe kwa mtu au kwa kampuni haukuanzia Kenya. Katika mpira wa Kimarekani, ule unaochezwa kwa mikono zaidi kuliko miguu, uwanja wa mji wa Green Bay uliofunguliwa mwaka 1957 ulipewa jina la Lambeau, mwasisi wa timu, mwaka 1965 alipofariki. Lakini Buffalo, mwaka 1973, iliuza haki ya jina, yaani ruhusa ya kampuni kulipia jina lake libandikwe uwanjani, kwa kampuni ya vyakula ya Rich kwa miaka 25. Nairobi ilijaribu biashara hiyo mwaka 2009, Coca-Cola iliponunua haki ya jina la uwanja wa Nyayo. Serikali ikataka neno Nyayo libaki, kampuni ikakataa kuchangia ubao na falsafa ya Rais Moi, na mkataba ukavunjika katika miezi michache. Serikali ilikuwa na haki, ila ilipaswa kulisema hilo kabla ya kutia sahihi.

Tukirudi Nyanza Kusini, Homa Bay iliupa uwanja wake jina la Raila Odinga angali hai, tofauti na Dar es Salaam, iliyongoja Benjamin Mkapa afariki Julai 2020 ndipo Uwanja wa Taifa ukaitwa kwa jina lake. Sherehe za Madaraka za tarehe 1 Juni 2025 zilifanyika hapo Homa Bay, mwenye jina akihudhuria, naye akafariki tarehe 15 Oktoba mwaka huohuo. Awendo Green haujawahi kuitwa kwa jina la mtu.