Miserere (Georges Rouault)

Miserere ni mkusanyiko wa picha 58 za chapa nyeusi na nyeupe za Georges Rouault (1871–1958), msanii Mkatoliki wa Ufaransa. Jina la mkusanyiko huo ni neno la kwanza la Zaburi ya 51 kwa Kilatini, sala ya mtu anayeomba rehema.

Kazi ilianza kama michoro ya wino, mingi kati yake ya miaka ya Vita Kuu ya Kwanza. Mfanyabiashara wa sanaa Ambroise Vollard aliagiza ihamishiwe kwenye mabamba ya shaba kwa njia ya fotografia. Rouault hakuridhika. Kati ya 1922 na 1927 aliyarudia mabamba hayo moja baada ya jingine, akiyakwaruza na kuyachoma kwa tindikali hadi weusi ukawa mzito kama masizi. Mistari minene inayozingira nyuso inafanana na risasi inayoshikilia vioo vya rangi makanisani, ufundi wa vioo aliouanza akiwa kijana wa miaka 14.

Humo Kristo aliyeinamisha kichwa yumo pamoja na mchekeshaji wa sarakasi, kahaba, mkimbizi na mifupa iliyovaa kofia ya askari. Rouault hatengi mateso ya Mungu na ya maskini, na hapo ndipo nguvu yake ilipo. Picha ya mwisho, uso wa Kristo kwenye kitambaa cha Veronika (mwanamke anayesemwa katika mapokeo kuwa alimpangusa uso), ina jina lililotoka Isaya 53.

Vollard alifariki 1939, kabla ya mkusanyiko kuchapishwa. Ulitoka Paris mwaka 1948.