Kanuni ya Adhabu Usukumani

Mkazi wa Igoma jijini Mwanza, kwenye barabara ya Musoma, akiibiwa pikipiki usiku, mara nyingi huanza kwa mwenyekiti wa mtaa na vijana wa ulinzi shirikishi, ndipo aende polisi. Kesi ikifika kwa hakimu, mshtakiwa husomewa kifungu cha Kanuni ya Adhabu, sheria iliyotungwa mwaka 1930. Njia hizo mbili zina asili tofauti, na Kanda ya Ziwa imelipa gharama kubwa pale ziliposhindwa kukutana.

Enzi za Wajerumani, ofisa wa boma peke yake ndiye aliyemhukumu Mwafrika. Amri ya 1896 iliweka kikomo cha viboko 25 kwa mara moja. Watu wakaviita hamsa ishirini. Waingereza walileta kanuni ya jinai ya India mwaka 1920, wakaiondoa miaka kumi baadaye na kuweka nyingine yenye asili ya Queensland, Australia, waliyoipeleka pia Kenya na Uganda. Mabaraza ya watemi yalibaki na kesi ndogondogo hadi 1963, bunge lilipoondoa utemi na kutunga sheria iliyoleta mahakama za mwanzo.

Uchawi ndio ulioitesa sheria hiyo ngeni. Sheria ya Uchawi ya 1928 ilimruhusu mkuu wa wilaya kumwamuru mtuhumiwa ahamie kwingine. Kwa aliyeua akiamini anarogwa, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilisema mwaka 1951, katika kesi ya Galikuwa kutoka Uganda, kwamba imani peke yake haitoshi kuwa utetezi: lazima marehemu awe ametenda jambo la kumchokoza muuaji papo hapo. Msimamo huo ulikuwa sahihi. Lakini haukuwakinga vikongwe wa Usukumani, waliouawa kwa kudhaniwa wachawi kwa kuwa macho yao yalikuwa mekundu, wekundu uliotokana na miaka ya kupikia kinyesi cha ng'ombe ndani ya vibanda visivyo na dirisha.

Mwaka 1976 serikali nayo ilifuata njia ya mkato. Katika operesheni ya kusaka wauaji hao mikoani Mwanza na Shinyanga, watu wengi walikamatwa, wakateswa, na baadhi wakafia mahabusu. Ni doa baya kuliko yote katika historia hii, kwa sababu waliotesa walikuwa walinzi wa sheria. Januari 1977 walijiuzulu mawaziri wawili, akiwemo Ali Hassan Mwinyi wa Mambo ya Ndani, na wakuu wa mikoa yote miwili. Baadaye maofisa kadhaa walifikishwa mahakamani.

Bunduki zikazagaa baada ya vita vya Kagera kati ya Tanzania na Uganda, wizi wa ng'ombe ukashamiri. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanavijiji wa Shinyanga na Tabora waliunda vikundi vya ulinzi vilivyoitwa sungusungu. Mwano, yowe la kuomba msaada, ulipopigwa, wanaume walitoka na pinde na mishale, wakafuata nyayo za mifugo kutoka kijiji hadi kijiji. Wezi walipungua, lakini watuhumiwa walipigwa, na wanawake wakafukuzwa kwa tuhuma za uchawi.

Nyerere aliwatetea sungusungu, na mwaka 1989 bunge likawapa uwezo wa kukamata. Uwezo wa kuhukumu hawakupewa. Hata hivyo, vikao vyao viliendelea kutoza faini ya ng'ombe na kumtenga mtu na jirani zake wote, bila wakili na bila rufaa.