Kuipunguza Makali Sumu ya Nyoka

Waswahili husema dawa ya moto ni moto. Katika historia ya tiba ya kuumwa na nyoka, moto huo ulibidi upunguzwe kwanza.

Seramu hutokana na farasi anayedungwa sumu kidogo kidogo hadi damu yake ijae kingamwili. Lakini sumu hiyohiyo huweza kumtia vidonda, hata kumuua, na farasi akifa dawa haipatikani.

Mwaka 1887, Henry Sewall wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, aliwapa njiwa sumu ya nyoka kwa vipimo vidogo vilivyoongezwa polepole, wakaizoea. Mwaka 1894, mjini Paris, Césaire Phisalix na Gabriel Bertrand waliipasha moto sumu ya kipiri. Ikapoteza nguvu ya kuua, lakini bado iliwakinga wanyama waliodungwa. Wakati huohuo Albert Calmette alichanganya sumu ya kobra na dawa za klorini. Katika miaka ya 1920, Gaston Ramon alitumia formalini na joto kuidhoofisha sumu ya dondakoo, na njia hiyo ikajaribiwa pia kwa sumu za nyoka.

Fumbo lilikuwa moja kwa wote. Sumu ikiachwa kali, farasi anaumia. Ikiharibiwa mno, mwili wake hauitambui, na kingamwili zake hazimfai mkulima aliyeumwa na nyoka shambani. Kwa hiyo usalama wa mnyama na uhai wa mgonjwa vimefungwa pamoja tangu mwanzo.