Waya wa Njano

Pawasaplai ya kompyuta ya kwanza ya IBM, ile iliyotoka Agosti 1981, ilikuwa ya wati 63.5. Vijana wanaojifunza kazi kwangu hucheka wakisikia, maana leo kadi ya grafiki ya bei ya kati peke yake inakula zaidi ya mara mbili ya hapo. Wakishacheka nawapa kalamu wapige hesabu. Waya mwekundu, volti 5, ampea 7: wati 35. Waya wa njano, volti 12, ampea 2: wati 24. Kilichobaki ni vilaini viwili vya volti hasi ambavyo hata vikijumlishwa havifiki wati 5. Mwenye nyumba alikuwa mwekundu. Prosesa, kumbukumbu na chipu zote za kwenye bodi zilikula volti 5. Wa njano kazi yake kubwa ilikuwa kuzungusha mota za flopi.

Leo mambo yamepinduka, na anayenunua pawasaplai kwa ajili ya kadi mpya bila kujua yalipinduka vipi anaweza kubeba boksi lililoandikwa wati 500 ambalo kwa kadi yake halina hata wati 200. Ndiyo maana mteja akiniuliza "Fundi, hii ni wati ngapi?" simjibu. Namgeuzia kibandiko, namwonyesha safu ya volti 12.

Kwanza nitoe heshima kwa wazee. Zamani ukitaka volti ndogo kutoka ukutani ulihitaji transfoma ya chuma, nzito na yenye kuchemka. Mwaka 1977 kompyuta ya Apple II ilikuja na pawasaplai nyepesi iliyobuniwa na Rod Holt. Umeme wa ukutani unanyooshwa kwanza, kisha unakatwakatwa maelfu ya mara kwa sekunde, hivyo transfoma inayotosha ni kijidude tu. Steve Jobs alijisifu kwamba dunia nzima iliiga kazi ya Holt. Si kweli kihivyo. Mbinu hiyo ilikuwapo tayari kwenye satelaiti na kwenye vifaa vya maabara. Holt aliileta mezani kwa mtu wa kawaida, na hilo pekee linamtosha.

IBM wakapanda: wati 130 kwenye XT ya 1983, wati 192 kwenye AT ya 1984. AT ndiyo iliyoacha alama hadi huku kwetu, kwa kuwa watengenezaji wa Asia waliinakili na mashine za mtindo wake zikaendelea kufanyiwa kazi hadi miaka ya 2000. Walioshika bisibisi enzi hizo wanakumbuka plagi mbili za bodi, P8 na P9. Zilifanana na ziliingia popote, na ukizikosesha nafasi bodi inakufa palepale. Kanuni tuliyorithishana ilikuwa ya maneno matatu: nyeusi kwa nyeusi. Nyaya nyeusi za plagi zote mbili zikutane katikati. Fundi aliyeiruka alilipa bodi ya mtu.

Halafu kulikuwa na swichi nyekundu ya nyuma, 115 upande mmoja na 230 upande wa pili. Marekani wanatumia volti 115 au 120, sisi Tanzania na Kenya tupo kwenye 230 na 240. Kompyuta za mtumba zilizotoka Marekani, za shule, za kanisa, za mjomba aliyeko Houston, zilifika swichi ikiwa bado 115. Kilichotokea ukichomeka kinaelezeka. Swichi ikiwa upande wa 115, umeme unaoingia unazidishwa mara mbili ndani ili ufanane na wa 230. Mlangoni pana kapasita mbili, kila moja imeandikwa volti 200. Ukiuingiza umeme wa 230 katika hali hiyo, kila kapasita inabebeshwa zaidi ya volti 320. Inapasuka. Sauti ni ya baruti, harufu inakaa chumbani hadi kesho yake. Mafundi wengi wa Dar es Salaam walikuwa wakiigeuza swichi kisha kuibandika gundi kabisa, asije mtoto akaichezea.

Swichi ile ilikufa taratibu baada ya Ulaya, mwaka 2001, kuanza kudai vifaa visivute umeme kwa mapigo yanayochafua gridi. Saketi iliyowekwa kutimiza sharti hilo kwenye pawasaplai nzuri inakubali chochote kuanzia volti 100 hadi 240. Kwa umeme wetu unaoshuka jioni majiko na feni vikiwashwa, hiyo ni neema. Hadi leo, nikiona swichi nyekundu kwenye pawasaplai inayouzwa kama mpya, sihitaji kusoma zaidi. Ni mchoro wa zamani uliovalishwa bati jipya.

Mwaka 1995 Intel walileta ATX. Plagi mbili zikawa moja ya pini 20 isiyoingia kinyume, ikaongezwa volti 3.3, na kompyuta ikaanza kujizima yenyewe. Ukitaka kuijaribu pawasaplai nje ya kasha, unaunganisha waya wa kijani na mweusi wowote kwa kipande cha waya, feni inazunguka. Kila fundi mtaani anajua hilo. Wasichokijua wengi ni kwamba kuna miaka, kuelekea 2000, Dell walitumia plagi yenye umbo lilelile la ATX huku wamezipanga nyaya kwa namna yao. Plagi inaingia vizuri kabisa, na bodi inaungua vizuri kabisa.

Kadi za grafiki hadi wakati huo zilikula kilichotoka kwenye tundu la bodi, hazikuomba kingine. Mwaka 2000 kampuni ya 3dfx ikatoa Voodoo5 5500, kadi ndefu yenye chipu mbili, na ukingoni mwake imewekwa plagi ya kuchukua umeme kama diski. Dada yake, Voodoo5 6000, yenye chipu nne, ilikusudiwa kuja na pawasaplai yake ya nje, ya kuchomekwa ukutani. Haikufika sokoni. Mwisho wa mwaka huohuo Nvidia walikuwa wananunua mali za 3dfx. Miaka miwili baadaye ATI wakatoa Radeon 9700 Pro iliyochukua umeme kwa plagi ndogo ya flopi, mfereji mwembamba kweli kwa kadi iliyoongoza dunia. Kisha 2004 ikaja GeForce 6800 Ultra na plagi mbili za diski, na Nvidia wakashauri pawasaplai ya wati 480. Watu walidhani ni mzaha. Kompyuta nyingi za nyumbani wakati huo zilikuwa na wati 250 au 300.

Hapa ndipo waya wa njano ulipopanda cheo, na sababu yake ni fizikia ya darasani. Chipu zilishuka kutoka volti 5 hadi volti moja na kitu, huku wati zikipanda. Umeme mwingi kwa volti ndogo unadai ampea nyingi, na ampea nyingi zinachemsha nyaya na plagi. Wati 60 kwenye volti 5 ni ampea 12; kwenye volti 12 ni ampea 5 tu. Intel walipotoa Pentium 4 mwishoni mwa 2000 walihamishia chakula cha prosesa kwenye volti 12, kwa ile plagi ya pini nne za mraba tunayoijua. Mashine nyingi za AMD za siku hizo ziliendelea kuvuta kwenye volti 5, hivyo sokoni zikaishi koo mbili za pawasaplai zenye wati sawa kwenye boksi na tabia tofauti ndani. Mwaka 2003 toleo jipya la ATX likamaliza ubishi: plagi ya pini 24, na uzito wote ukaegemezwa kwenye volti 12.

Lakini bati la zamani halikutoka sokoni kwa sababu karatasi imeandikwa. Bado ninakutana na boksi za mtindo wa kabla ya 2003. Kibandiko kinasema wati 400. Nashuka nacho: volti 5, ampea 30, volti 3.3, ampea 20. Volti 12, ampea 15. Zidisha 12 kwa 15. Ni wati 180, za prosesa, diski, feni na kadi kwa pamoja. Hizo nyingine zipo kwenye nyaya ambazo kompyuta ya leo haizigusi kwa kiasi hicho. Muuzaji hajadanganya. Amekuuzia wati za mwaka 2001.

Tundu la PCI Express, lililokuja 2004, lilileta utaratibu wa kuhesabu ambao hadi leo ndio ninaoutumia. Tundu lenyewe linatoa wati 75. Plagi ya pini sita inaongeza 75. Plagi ya pini nane, iliyoonekana kwanza kwenye Radeon HD 2900 XT ya 2007, inaongeza 150. Kwa hiyo kadi inajieleza yenyewe: ikiwa na tundu moja la pini nane, mtengenezaji amejipa nafasi ya hadi wati 225. Na pawasaplai nayo inajieleza. Iliyoandikwa wati 600 halafu haina hata plagi moja ya pini nane, aliyeitengeneza alijua inaweza nini. Ndani ya boksi la kadi huwekwa waya wa kubadilisha plagi za diski kuwa pini sita. Mimi nauweka kabatini. Plagi zinapatikana, ampea hazipatikani.

Soko letu lina kipimo chake cha kienyeji: kunyanyua. Mnunuzi anapima pawasaplai kwa mkono, nyepesi anairudisha. Sikidharau. Shaba, ferrite na mabati ya kupoza ni vizito, na akiba ya kwanza ya mtengenezaji mbovu huwa hapo. Nembo ya 80 Plus, iliyoanzishwa Marekani 2004, ni kipimo kingine: inadai angalau asilimia 80 ya umeme unaovutwa ukutani ufike ndani ya kompyuta, na kuanzia 2008 ikagawanywa shaba, fedha, dhahabu. Watu wengi wananunua dhahabu wakidhani ni ngao. Ni kipimo cha upotevu tu. Hakisemi kapasita zitadumu miaka mingapi kwenye chumba cha joto la Kariakoo, wala kama kinga ya shoti inafanya kazi.

Wateja wangu wengi si wacheza gemu. Ni wahariri wa video za harusi. Kompyuta zao ni za ofisi zilizokuja kwa mtumba, na kwa hao historia iliwapa bahati Februari 2014, Nvidia walipotoa GTX 750 Ti: wati 60, haiombi waya wowote, inakula tundu peke yake. Miaka miwili baadaye ikafuata 1050 Ti, ya wati 75. Kadi hizo mbili ndizo zilizogeuza kompyuta za wahasibu kuwa studio. Sababu ni kwamba mashine kama Dell OptiPlex 9020, ile ya kasha la kati, ina pawasaplai ya wati 290 na plagi ya bodi ya pini nane isiyokuwa ya ATX. Kuibadilisha kunataka waya maalumu. Ya kasha jembamba, pawasaplai ya kawaida haiingii kabisa.

Upande wa juu mambo yaliendelea kuvimba. Mwaka 2020 kadi za mfululizo wa RTX 3000 zilionyesha tabia mpya: wastani wa wati unaeleweka, lakini kwa sehemu ndogo mno ya sekunde kadi inaruka mbali juu ya wastani huo, na pawasaplai yenye kinga kali inajizima. Watu walilaumu programu, wakafuta na kupakia upya, kumbe ni umeme. Toleo la ATX 3.0 la 2022 likalazimisha pawasaplai kuhimili mara mbili ya wati zake kwa sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde. Mwaka huohuo RTX 4090 ya wati 450 ilikuja na plagi moja ndogo ya pini 16 inayoruhusiwa hadi wati 600. Gawanya: ampea 50 kwa nyaya sita za njano, zaidi ya ampea 8 kila mmoja. Plagi ya zamani ya pini nane ilibebesha kila waya takriban nusu ya hapo. Plagi hizo mpya zikaanza kuyeyuka. Nvidia wakasema hazikusukumwa hadi mwisho, na mwaka 2023 pini zikarekebishwa ili kadi igome kuwaka kama plagi haijakaa. Kwa maoni yangu, plagi isiyomsamehe mtumiaji hata milimita chache ni kurudi kwenye P8 na P9, na wakati huu hakuna hata rangi ya kukuongoza.

Sasa mhariri akija na RTX 3060 aliyoagiza Dubai, tunafanya hesabu kwenye karatasi. Kadi wati 170, prosesa yake 84, bodi na diski na feni tuseme 50. Ni kama wati 300, karibu zote za njano. Kadi inataka pini nane moja. Nvidia wenyewe wanashauri wati 550 kwa jumla, na mimi nakubaliana nao: natafuta yenye ampea 40 au zaidi kwenye volti 12, isiyo na swichi nyekundu, iwe mpya au iliyotumika kidogo kwenye mashine ninayoijua. Akilalamika bei namwonyesha ya bati jembamba pembeni, iliyoandikwa 650, aisome mwenyewe safu ya volti 12. Na akiniuliza kama hii atakayonunua itafaa miaka kumi ijayo, namwambia Intel walishatoa pendekezo la pawasaplai yenye volti 12 peke yake, bila nyekundu wala volti 3.3, na baadhi ya kompyuta za ofisi zinatoka hivyo tayari. Zitatufikia kwa mtumba, na plagi zake zitakuwa nyingine tena.